Uzi: Nachora bonde la kwetu Soni kwa rangi za maji kutoka picha ya simu. Karatasi nne zimeshakwenda na maji

#1 MwanaSoni

Wakuu, heshima yenu.

Mwezi wa tano nilipanda Lushoto kumsalimia shangazi, yeye anakaa juu kidogo ya Soni. Asubuhi moja mvua ikakatika ghafla, nikatoka na simu hadi ukingoni nyuma ya nyumba, nikapiga picha moja tu kabla ukungu haujarudi. Bonde lote limeingia: matuta ya makabichi na karoti yamekizunguka kilima kama mistari ya dole gumba, nyumba saba au nane za bati, migomba, mikaratusi imejipanga kando ya barabara, na nyuma kabisa milima mitatu inafuatana, wa mwisho hujui kama ni mlima au wingu.

Nikarudi Dar nikasema hii naichora. Penseli naiweza tangu shule, rangi za maji ndiyo mara ya kwanza. Nimenunua boksi la vibonge 12, brashi tatu na manila. Karatasi ya kwanza ilijikunja kama chapati. Ya pili nilisugua hadi ikatoboka. Ya tatu na ya nne hazikutoboka, ila kila kitu kimekuwa kijani kilekile toka juu hadi chini. Mke wangu kapita nyuma yangu akauliza, "Hilo zulia ni la nani?"

Picha ya simu nimeiweka hapo chini, na zulia pia nimeliweka. Nisaidieni.

#2 Mjusi Kafiri

Nimevuta kigoda, kahawa na kashata viko pembeni. Ngoja wajuzi waje.

Ila zulia mkuu, hahahaha. Shemeji hana baya.

#3 Kalamu Butu

Kijana, vyote viwili nimeviona. Mimi nimechora mabango ya maduka na saluni miaka mingi Morogoro, rangi za maji ni za kujifurahisha nikistaafu ngazi, kwa hiyo nitakwambia kama fundi, siyo kama profesa.

Manila achana nayo leo hii. Ni nyembamba, ikinywa maji inavimba upande mmoja, upande mwingine haijui kinachoendelea, ndiyo maana imejikunja. Tafuta karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ikiwezekana ya pamba, yenye mikwaruzo kidogo usoni. Ni ghali, lakini kata vipande vya ukubwa wa daftari. Ibandike kingo zote nne kwenye ubao kwa tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi za magari. Hapo hata ikivimba, ikikauka inanyooka yenyewe.

Sasa tuje kwenye picha yako, maana ugonjwa mkubwa uko huko. Unaichora kana kwamba imesema kweli.

Lenzi ya simu ni pana. Inameza bonde zima, lakini vilivyo mbali inavisukuma mbali zaidi, milima inabaki vichuguu. Nijibu bila kuangalia simu: ulipokuwa umesimama pale, ule mlima wa katikati ulikuwa mdogo hivyo? Halafu anga. Umesema mvua ndiyo kwanza imekatika, kwa hiyo lazima kulikuwa na mawingu yenye matumbo ya kijivu. Kwenye picha anga ni jeupe kama shuka ya hospitali, simu ilitaka kuokoa kijani cha bondeni ikaunguza juu. Na kivuli chini ya migomba kimekuwa cheusi tii, weusi wa masizi. Jicho la mtu halioni vile. Ndani ya kivuli cha mgomba mna bluu, mna kahawia, mna kuku.

Kazi ya leo, na rangi usiguse: hiyo picha igeuze iwe nyeusi na nyeupe humo humo kwenye simu. Chukua penseli, chora vimraba vitatu vya ukubwa wa kiberiti. Kila kimraba kiwe na vivuli vinne tu: karatasi tupu, hafifu, wastani, na kizito. Ukishindwa kuipanga kwa vinne, kubwa hutaiweza. Fumba macho nusu uangalie, vidogovidogo vitapotea.

#4 Limuru Boy

Wadau wa Bongo, habari zenu. Mimi nitasema ukweli na mnisamehe. Kuchora kutoka kwa picha ni kunakili. Simu imeshafanya kazi, wewe unafuata mistari tu. Beba ubao na maji yako uende hapo shambani, uumwe na mbu, uchore. Ndiyo sanaa hiyo.

#5 MwanaSoni

Mkuu, niko Dar. Nauli ya kupanda Soni kila Jumamosi utanitumia wewe?

#6 Binti Mwera

Ahsanteni kwa uzi mzuri. Ndugu yangu wa Limuru, hebu nikupe kisa kimoja. Mwaka 1833 alikuwepo Mwingereza mmoja, William Henry Fox Talbot, kaenda kutembea Italia, kwenye ziwa la Como. Akataka kuchora mandhari ya pale kwa kifaa cha kioo kinachokuonyesha sura ya kitu juu ya karatasi yako. Hata kwa kifaa alishindwa, michoro yake mwenyewe ilimtia haya. Hapo ndipo akawaza: je, ile sura ingeweza kujichora yenyewe karatasini? Akarudi kwao akahangaika na chumvi na madini ya fedha mpaka akapata njia yake ya kupiga picha kwenye karatasi.

Basi unaona, upigaji picha kwa sehemu umezaliwa na mtu aliyeshindwa kuchora ziwa. Leo mwenzetu akiirejesha picha kwenye brashi, yeye analipa deni tu.

#7 Kalamu Butu

Binti Mwera umenifurahisha. Niongeze wa nyumbani. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere kisha chuo cha sanaa cha Slade kule London. Aliwachora Wachaga mashambani mwao, migombani, kwenye njia za mlimani, na mchoro wake mmoja wa mwaka 1956, wa wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, uko kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York. Uangalie vizuri ule mchoro. Ile si kamera. Vilima vimejipanga anavyotaka yeye, watu wamejipanga anavyotaka yeye. Kijiji alikuwa nacho kichwani.

Kwa hiyo Limuru una nusu ya haki. Kwenda shambani ni bora. Lakini anayekaa mbali ana mawili, simu na kumbukumbu, na kosa la kijana wetu ni kwamba anaiamini simu peke yake.

#8 Limuru Boy

Hapo kwa kumbukumbu nimekubali. Lakini kwa mbu nasimama palepale.

#9 MwanaSoni

Mrejesho. Vimraba nimevichora, siyo vitatu, tisa. Jambo lililonishtua: hata zulia langu nililipiga picha nikaligeuza nyeusi na nyeupe. Likawa kijivu kimoja! Kumbe nilikuwa nabadilisha kijani, mara cha majani, mara cha chupa, lakini uzito ni uleule, kwa hiyo jicho halioni mbele wala nyuma. Kwenye picha halisi mlima wa mwisho ni hafifu kabisa, wa pili wastani, na migomba ya mbele ndiyo mizito.

Swali: mbona milima ya mbali inaonekana bluu na mimi najua imejaa miti? Niliipaka kijani kwa sababu najua ni msitu.

#10 Abu Faraj

Salaam kutoka Muscat. Hilo swali nimeishi nalo maana huku kila asubuhi naiona milima ya Hajar dirishani.

Kati yako na mlima kuna hewa, na hewa si kitu tupu. Mwanga wa bluu unatawanywa na hewa kuliko mwekundu, ndiyo sababu ileile anga likawa bluu. Mlima ukiwa mbali, unauona kupitia pazia nene la hewa hiyo, kwa hiyo kivuli chake kinageuka bluu na giza lake linapungua. Leonardo da Vinci aliyaandika haya zamani sana kwa ajili ya wachoraji. Cha kwanza kufa ni giza, halafu ukali wa rangi, halafu ncha za mistari.

Lakini angalia na msimu. Picha ya mwezi wa tano baada ya mvua, hewa imeoshwa, bluu inakuwa safi. Ungepiga mwezi wa tisa au wa kumi watu wanachoma mashamba, pazia lingekuwa la vumbi na moshi, milima ingeingia kwenye kijivu cha majivu, hata unjano. Huku kwetu vumbi likisimama Hajar inakuwa rangi ya biskuti, bluu huioni kabisa.

Na mnisikitikie kidogo: kiangazi nikichora nje, rangi inakauka kabla sijainua brashi.

#11 Kalamu Butu

Umejibiwa na aliyeona. Sasa rangi. Boksi lako la vibonge 12 lina vijani viwili, na hivyo viwili ndivyo vilivyokutengenezea zulia. Mpe mtoto.

Nunua tyubu tatu tu: bluu ya ultramarini, siena iliyochomwa (ni kahawia-nyekundu) na njano. Kata ukanda wa karatasi ileile utakayochorea, kaa nusu saa changanya, usichore kitu. Bluu na njano, kijani. Ukidondoshea siena kidogo, kijani kinatulia, kinakuwa cha mkaratusi, yaani kijani kilichochoka. Njano nyingi na bluu tone, hiyo ni migomba iliyopigwa na jua kwa nyuma. Bluu na siena peke yake, unapata kijivu: bluu ikizidi ni tumbo la wingu, siena ikizidi ni shina la mti. Mlima wa mbali ni bluu, maji mengi, na siena ya ncha ya brashi. Kila unavyokuja mbele unapunguza maji na kuongeza njano na siena.

Na ukumbuke rangi ya maji ikikauka inapauka. Ukiiona sawasawa ikiwa mbichi, basi haitoshi. Paka kama umekosea kidogo kwa uzito.

#12 Mjusi Kafiri

Mzee Kalamu, na nyeusi? Kwenye boksi wameiweka ya nini kama hujaitaja?

#13 Kalamu Butu

Wameiweka ili boksi lijae.

Sawa, nisiwe mkali. Wapo wazuri wanaoitumia. Lakini mgeni akiwa na nyeusi mkononi, kila akitaka kivuli anaiongeza, na mchoro wote unakuwa kama umepitiwa na masizi ya kibatari. Ultramarini nzito na siena nzito, maji kidogo, vinakupa giza ambalo ndani yake bado kuna rangi. Nyeupe nayo usiiguse. Weupe wako ni karatasi, na ukishaufunika umekwenda. Ndiyo maana huku tunaanza na hafifu tunamalizia na kizito, tunaanza mbali tunakuja karibu. Mtu wa rangi za mafuta anaweza kujirudi. Wewe huwezi.

#14 MwanaSoni

Wakuu, karatasi ya tano. Gramu 300, nimeibandika vizuri, haikujikunja hata kidogo. Milima imekaa nyuma, nilitaka kulia kwa furaha.

Lakini anga! Nilililowesha, nikaweka kijivu cha mawingu, likapendeza sana. Nikaenda kunywa maji. Kurudi nikaona upande mmoja unahitaji bluu kidogo, nikagusa kwa brashi. Baada ya dakika kumi pametokea madoa yenye kingo za kukunjana kama majani. Makabichi ya shambani sijayachora bado, tayari ninayo matatu angani.

#15 Mjusi Kafiri

Makabichi ya Lushoto yana soko popote.

#16 Binti Mwera

Pole, ndugu yangu. Wazungu wao huyaita koliflawa, kwa hiyo hukukosea sana, ukoo ni mmoja.

Sababu yake ni hii. Ulipoondoka, karatasi ilikuwa imefika katikati: haikuwa imelowa, haikuwa imekauka. Brashi yako ilikuwa na maji mengi kuliko karatasi. Yale maji mapya yakakimbilia pale pakavu zaidi, yakaisukuma rangi ya zamani mbele yake, ikarundikana ukingoni. Utaratibu ni kwamba karatasi ikiwa inang'aa kama kioo, ongeza utakacho. Mng'ao ukishafifia, weka brashi chini, funga mikono, hata likiwa kosa dogo liache. Subiri ikauke kabisa ndipo uloweshe tena taratibu.

Na utajuaje imekauka? Usiiguse kwa vidole, vidole vina mafuta. Weka mgongo wa mkono karibu yake, au uiguse kidogo. Ikiwa baridi, bado ina maji ndani hata kama inaonekana kavu. Ikiwa na joto la chumba, endelea. Draya ya nywele inasaidia, lakini uiweke mbali, upepo wake unaweza kuisukuma rangi.

Kwa Dar, kama sisi Unguja, unyevu wa hewa ni mwingi. Msimu wa masika mimi anga moja hulisubiri muda wa kupika wali wa nazi na kuula. Na tyubu ulizokamulia kwenye sahani usizifunike zikiwa mbichi, zitaota kuvu.

#17 Geji 28

Mimi si mchoraji, ni fundi wa kuezeka, nimeingia huku kwa sababu ya neno bati. Mleta uzi, nimeangalia mchoro wako wa tano. Nyumba zako zitavuja.

Paa umelichora kama kipande kimoja kilichokunjwa. Pale juu pande mbili zinapokutana pana kofia, na kofia ina kivuli chake chembamba chini yake, ukiuweka mstari huo mmoja paa linakaa. Halafu bati linatoka nje ya ukuta, linauachia ukuta kivuli. Wewe umelikata sawa na ukuta, mvua ya Lushoto itaingia mpaka kitandani.

Rangi sasa. Bati jipya halina rangi yake, linachukua ya anga. Upande unaoelekea kwenye mwanga ni mweupe wa kuumiza macho, upande wa pili ni kijivu cha bluu. Bati la zamani linaanza kutu kwenye misumari na pale bati mbili zinapolaliana, halianzii popote tu. Kutu inashuka na maji, kwa hiyo inakuwa michirizi ya kwenda chini. Na usichore migongo yote ya bati, toka huko uliposimama huwezi kuiona.

#18 Kalamu Butu

Fundi, hili darasa lako nimeliandika kwenye daftari, sitanii.

Kijana, umesikia "mweupe wa kuumiza macho". Kwenye picha yako kile kipaa cha kushoto ndicho kitu cheupe kuliko vyote, hata kuliko anga ukishalirudishia mawingu yake. Kiache karatasi tupu. Kama mkono wako hautulii, chukua mshumaa mweupe ulioukata ncha, pakaza pale kabla hujaanza. Nta inaikataa rangi. Ila haitoki tena, kwa hiyo pakaza ukiwa na uhakika. Mimi huutumia zaidi kwenye vijiwe vya mto na povu la maporomoko.

Na migomba. Usichore majani ya mgomba mojamoja. Paka eneo lote njano-kijani hafifu, likauke, halafu chora giza lililo nyuma ya majani. Jani linajitokeza kwa sababu pembeni yake pana giza. Mwanzoni akili inagoma, utajikuta unachora jani badala ya nafasi. Endelea tu.

#19 Chaki na Rula

Samahani kwa kuchelewa. Hivi kwa nini msifanye tu Tingatinga? Rangi zinawaka, watalii wananunua, hakuna mambo ya kusubiri kukauka.

#20 Kalamu Butu

Tingatinga naiheshimu sana. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza na ubao wa silingi na rangi za kupakia baiskeli, na akafungua njia watu wengi wanayokula hadi leo. Lakini ile ni rangi nzito ya kung'aa, kazi yake ni mnyama asimame mbele yako na alama zake zote. Ukungu wa Soni kwa rangi ya baiskeli utaupata wapi? Kila chombo na kazi yake. Na si kila anayechora anauza.

#21 MwanaSoni

Wakuu, nimepata wazo, semeni kama ni uchizi. Ile siena naambiwa jina lake ni la mji wa Italia, na yenyewe ni udongo wenye chuma. Nikakumbuka udongo wa kwa shangazi, ukiukanyaga na viatu vyeupe umeviaga. Nikamwomba anitumie. Kauweka kwenye mfuko wa rambo, kampa dereva wa basi, jana nimeupokea. Konda kaniuliza kama ni dawa.

Unaweza kuwa rangi?

#22 Binti Mwera

Siyo uchizi hata chembe. Kule Kolo, Kondoa, ile michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, wekundu wake mwingi ni udongo wa chuma huohuo, na wenyewe haukupauka upesi kama rangi zetu za dukani.

Fanya hivi. Udongo uponde, utie kwenye ndoo ya maji, ukoroge, uhesabu kama mpaka ishirini. Mchanga utazama. Yale maji mekundu yamimine chombo kingine kwa kitambaa chepesi, mchanga utupe. Rudia mara tatu nne. Acha usiku kucha, asubuhi maji yatakuwa juu na tope laini chini. Mwaga maji, anika tope juu ya sahani. Ukishika vumbi lake kwa vidole lisikwaruze, liwe kama unga wa sembe.

Kiunganishi chake ni gundi ya mgunga, gamu arabi, nyingi hutoka Sudan. Sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji ya uvuguvugu, iache iyeyuke, ichuje. Tia asali kijiko kidogo ili rangi isipasuke ikikauka, na tone la mafuta ya karafuu isiote kuvu. (Hapo naona fahari, siwezi kuficha.) Changanya na vumbi juu ya kioo au kigae, usage kwa kitako cha glasi nzito mpaka mkono uchoke, kisha usage tena. Ikikauka na kuacha vumbi kidoleni, gundi ni chache. Ikimeremeta na kupasuka, imezidi.

Ukipata na udongo wa njano, ukaange mkavu kwenye kikaango cha zamani. Utauona unageuka mwekundu mbele ya macho yako. Ndiyo maana ile siena huitwa iliyochomwa.

#23 Abu Faraj

Naongeza neno moja kwa faida ya walioko Ghuba: gundi hiyo siyo ubani. Huku ubani wa Dhofar umejaa sokoni na kwa macho vinafanana. Ubani hauyeyuki vizuri kwenye maji. Niliwahi kujaribu, nikapata tope linalonukia msikiti.

#24 Mjusi Kafiri

Nimecheka mpaka kahawa imemwagika. Mjukuu wangu hatapata mchoro, atapata udi.

#25 MwanaSoni

Mrejesho mrefu kidogo, mnivumilie.

Udongo wa shangazi umekubali! Siyo laini kama wa tyubu, unabaki na chembechembe, lakini chembe zenyewe zinakaa kwenye mikwaruzo ya karatasi, na njia ya miguu inayopanda kwenye matuta imekuwa njia kweli. Nimeutumia hapo, kwenye kingo za matuta na kwenye kutu ya paa moja (fundi, michirizi imeshuka chini, kofia ipo).

Hii ni ya saba. Ya sita niliiharibu mwenyewe kwa kuchora nguzo za umeme zote tano kwa sababu zipo kwenye picha. Ya saba nimeziondoa. Mlima wa katikati nimeukuza kama theluthi moja, maana mzee Kalamu aliponiuliza nilifumba macho nikaukumbuka ulivyokuwa unanikodolea. Anga nimelitoa kichwani, vimraba vinne kwanza. Matuta nimeyachora ya mbele yameachana, ya nyuma yamebanana, halafu nikayaachia yapotelee kwenye ukungu kabla ya kufika mwisho. Nilijizuia kama mtu aliyefunga mbele ya sambusa.

Nikaona nyumba ya shangazi imepooza, nikaiongezea moshi wa jikoni. Kwenye picha haupo. Niliupata kwa kufuta rangi ya kilima ikiwa bado na unyevu, kwa tishu iliyokunjwa, ukapanda kwa kulegea kuelekea kushoto. Sehemu nzuri kuliko zote kwenye mchoro, mke wangu ndiye aliyesema.

Nikaupiga picha mchoro, nikamtumia shangazi. Akanirudishia sauti ya dakika tatu. Alizitambua nyumba zote na wenye nyumba. Alimtambua hata mwenye lile tuta lililobomoka ambalo mimi nilidhani nimelikosea. Halafu akasema, "Mwanangu, umechora vizuri, lakini huo moshi si wa kwangu. Asubuhi upepo unatoka bondeni unapanda, moshi wangu unakwenda kwa mama Hoza, kulia. Anagomba kila siku. Ukiuelekeza kushoto utaniletea ugomvi na watu wapya."

#26 Geji 28

Hahahaha, shangazi ni fundi mwenzangu. Huyo anajua upepo wa paa lake.

#27 Limuru Boy

Ndiyo nilisema uende shambani.

#28 Kalamu Butu

Limuru, leo chukua ushindi wako, umeupata kwa haki.

Kijana, hiyo ya saba usiitupe, ni nzuri kuliko unavyojua. Moshi wa kushoto unaweza kuufunika. Hakikisha ni mkavu kabisa, changanya rangi ya kile kilima iwe nyepesi kama chai ya rangi, pitisha mkupuo mmoja kwa brashi pana, usirudi nyuma. Ukauke, upitishe tena. Mara tatu utapotea. Wa kulia ndiyo kazi, maana rangi ya pale imeshashika. Lowesha umbo la moshi kwa brashi safi, hesabu mpaka kumi, bonyeza tishu, inua. Usisugue. Ultramarini inatoka vizuri, huo udongo wako sijui, jaribu kwenye kipande.

#29 MwanaSoni

Nimejaribu kwenye kipande. Udongo wa shangazi hautoki, umeng'ang'ania kama ulivyong'ang'ania viatu vyangu. Na upande wa kulia wa nyumba nilikuwa nimeupaka huo huo, ni njia ya kwenda kwa mama Hoza.

Naanza ya nane kesho, moshi kwanza. Binti Mwera, ile gundi nimebakiwa na kijiko kimoja, inatosha sahani moja au niagize nyingine?

#30 Binti Mwera

Agiza. Na mwambie shangazi atume na wa njano.